Udongo Chini, Mchanga Juu

Vioo vitano, milimita sita,
mabaki ya dirisha la duka la simu pale Makoroboi.
Nimevibandika kwa silikoni usiku wa Jumamosi,
nikavikaza kwa mpira wa baiskeli vikauke,
na Nyamizi akauliza:
"Mabatini hii, maji tunayapandisha kwa kichwa,
wewe unajenga ziwa sebuleni?"
Dogo tu, nikasema. Lita sitini.
Akacheka kwa pua, akaenda kuepua ugali.

Sikukurupuka. Nilianza na udongo,
mweusi wa mbuga, wa shamba la marehemu mama kule Kisesa,
kiroba kimoja kilichopakatwa kwenye bodaboda kama mgonjwa.
Nimeuchekecha kwa chekeche la unga
(Nyamizi hajui),
nikatoa mizizi, vigae, kifungo cha gauni.
Nikauloweka, nikauanika juu ya jiwe,
nikauloweka tena, nikauanika tena,
hadi harufu ya samadi ikachoka
ikabaki ya mvua.

Kifungo nimekitia mfukoni.

Chini kabisa, kiganja cha mfinyanzi mwekundu.
Juu yake ule mweusi,
vidole viwili mbele, vinne nyuma,
upande kama mlima wetu upandavyo,
nyumba za mbele zisizizibe za nyuma.
Kisha mchanga wa Igombe. Nimeuosha ndoo kumi na moja:
ya kwanza ilitoka chai ya maziwa,
ya tano maji ya mchele,
ya kumi na moja nikaziona kucha zangu.

"Mbona unauficha udongo?" Ng'walu akauliza.
Usipofunikwa, nikamwambia, utapanda juu
utie giza kila kitu.
Ukifunikwa, mizizi itaufuata yenyewe.
Akanitazama kama ninayesema habari za mtu.
Labda.

Maji ya bomba yalilala ndooni siku mbili, dawa itoke.
Nikalaza kisahani cha chai juu ya mchanga,
nikamimina juu ya kisahani, kikombe kwa kikombe,
kama anayemnywesha mtoto mwenye homa.
Hata hivyo uzi mmoja wa tope ulinyanyuka,
ukacheza, ukatua.

Nikapanda majani marefu kama utepe
niliyoyang'oa Kayenze kwenye maji ya magoti,
nikiyakagua moja moja kwa konokono,
maana kichocho sikitaki hata kwa picha;
na kiazi kimoja cha yungiyungi, nusu nje,
mgeni asiyejua atalazwa chumba gani.

Wiki ya pili, mapovu, harufu ya yai viza.
Nikauchoma mchanga kwa kijiti cha mshikaki, upumue.
Wiki ya tatu umeme ulikatika siku nzima, nikasema basi.
Wiki ya tano jani jekundu likagusa hewa.

Ndipo nikaleta furu wanne, kwenye mfuko wa nailoni.
Kijana wa mwalo wa Kirumba hakutaka hata mia:
"Hawa chambo tu, mzee."

Ng'walu ana miaka minane.
Ziwa analiona kila akitoka chooni.
Samaki kala wengi, wote wamelala ubavu.
Huyu mmoja akasimama majini,
akapepea mapezi, akamgeukia uso kwa uso.
Mtoto akarudi hatua moja.
"Baba," akasema, "kumbe wana macho mawili."

Usiku nimemkuta Nyamizi mbele ya kioo,
taa ya ndani imezimwa, ile ya tangi inawaka,
chekeche la unga mapajani.
Hakusema neno juu ya chekeche.
"Yule wa bluu," akasema, "anachimba."
Na kweli. Pale pembeni, karibu na jiwe,
udongo wa mama umeanza kuonekana.